Sarafina! na Tony za 1988: kisa cha sentensi moja kwenye programu yetu

Mbongeni Ngema, mtunzi wa Sarafina!, ile tamthilia ya muziki, alifariki Desemba 27, 2023, ajali ya gari huko kwao Afrika Kusini, na sisi wa kikundi chetu cha kuimba na kucheza tulikua tumeshafunga mazoezi ya mwaka. Lakini tuliporudi Januari kwa lile holi letu la Eastlands, Nairobi, hakuna aliyeuliza mwaka huu tunafanya nini, watu waliingia mlangoni wakiwa tayari wanaimba, na kufikia saa kumi na moja tukawa tumekubaliana tutafanya jioni moja ya kumkumbuka, nyimbo sita, dansi tatu, kiingilio kidogo tu cha kulipia holi na spika. Mimi nikapewa kazi ya kuandika programu, ile karatasi ya kukunjwa mtu anapewa mlangoni, kwa sababu kila mwaka mimi nafuatilia tuzo za Tony, zile za michezo ya jukwaani ya Broadway, kumbi kubwa za New York, vile wenzangu wanafuatilia ligi ya Uingereza, na kila mtu kwa kikundi anajua hivyo.

Kuna mzee wetu tunamuita Mwalimu, amefunza drama shule za upili miaka mingi sana na nusu yetu tumepitia mikononi mwake. Yeye ndo aliandika sentensi ya kwanza kwa mkono wake, akanipa karatasi akaniambia hii iende juu kabisa kwa herufi kubwa: "Sarafina! ni mchezo ulioporwa tuzo ya Tony mwaka wa 1988." Nikaisoma mara mbili. Nikamwambia, Mwalimu, shikamoo na samahani, lakini hii siwezi kuchapisha mpaka tuiangalie vizuri, kwa sababu neno kuporwa ni neno kubwa na kuna watu watalisoma na kutuuliza nani alipora, alipora nini hasa, na tunajuaje. Akaniangalia kwa muda. Akasema sawa, iangalie basi.

Hiyo "iangalie basi" ilichukua wiki tatu, na nimeamua kuiandika yote hapa kwa sababu mabishano ya nani alistahili kushinda huwa yanaisha vibaya kila mahali, watu wanarushiana majina tu, na hii yetu haikuisha hivyo.

Kwanza mambo yenyewe yalivyokua. Tuzo za 42 za Tony zilitolewa Juni 5, 1988, ukumbi wa Minskoff pale New York, mshereheshaji alikua Angela Lansbury. Tuzo kubwa ya tamthilia mpya ya muziki iligombewa na wanne: The Phantom of the Opera, Into the Woods, Romance/Romance na Sarafina!. Phantom ilikua imeteuliwa mara 10, Into the Woods mara 10 pia. Sarafina! mara 5: mchezo bora, muziki (Ngema na Hugh Masekela), uongozaji (Ngema), dansi (Ndaba Mhlongo na Ngema), na Leleti Khumalo kwa waigizaji wa kike wa nafasi ya pili, yaani wasaidizi. Usiku ulipoisha Phantom ilikua na 7, ile kubwa ikiwemo, Into the Woods 3, na Anything Goes, ambayo ni mchezo wa zamani wa 1934 uliorudishwa jukwaani, ikaondoka na 3. Sarafina! haikupata hata moja. Tano kwa sufuri.

Hiyo sufuri ndo ilikua inamuuma Mwalimu. Hoja yake ilikua hivi, na alitueleza akiwa amesimama katikati ya holi: mwaka 1988 Mandela bado yuko jela, hali ya hatari imetangazwa Afrika Kusini tangu 1986, hawa watoto wametoka mitaa ya weusi na kusafiri mpaka Amerika kuimba habari za Soweto ya Juni 16, 1976, watoto wenzao waliopigwa risasi kwa sababu walikataa kufundishwa kwa Kiafrikaans, na siku kumi na moja tu kabla ya kumbukumbu ya siku hiyo wanakalishwa kwa viti vizuri waangalie watu wengine wakipanda kuchukua tuzo usiku mzima. Mtu akikuambia hapo hakukua na kitu, anakudanganya. Ndo maneno yake hayo, na niseme ukweli, holi ilinyamaza.

Mimi nilikua na majibu mawili. La kwanza, Ngema hakua mgeni kwao. Mwaka uliotangulia, 1987, aliteuliwa kwa Tony ya uongozaji wa tamthilia ya kawaida kwa Asinamali!, na mwaka huo tuzo ilienda kwa Lloyd Richards kwa Fences, mtu mweusi kwa mchezo wa August Wilson, mweusi pia. Kwa hivyo ile picha ya mlango uliofungwa kabisa haisimami. La pili, watu wa New York waliipenda Sarafina! kwa miguu yao wenyewe, walienda kuiona. Ilipofungwa Julai 1989 ilikua imechezwa mara 597 pale ukumbi wa Cort, Broadway. Into the Woods yenyewe, na jina lote la mtunzi wake maarufu Stephen Sondheim, ilichezwa mara 765. Hizo namba haziko mbali sana. Mchezo ambao haukutakiwa haufiki 597.

Mwalimu akasema kupendwa na watazamaji na kupewa kura ni vitu viwili. Na hapo alikua na haki, ikabidi nirudi nyumbani nikaangalie hizo kura zinapigwaje.

Tony si kama tuzo za mashabiki. Zinasimamiwa na American Theatre Wing pamoja na chama cha wenye kumbi na maprodyusa wa Broadway. Kuna kamati ndogo inayoteua, halafu wapiga kura ni watu mia kadhaa wa kazi hiyo hiyo: maprodyusa, waongozaji, waigizaji, wenye kumbi, na pia watu wa miji mingine ambao kazi yao ni kununua michezo izunguke kwao. Sasa huyu wa mwisho mfikirie vizuri. Ana ukumbi mkubwa huko Cleveland ama Denver, anataka mchezo utakaojaza viti wiki kadhaa mwaka ujao, na Phantom iliingia Broadway ikiwa imeshavunja rekodi ya tiketi zilizouzwa kabla hata pazia halijafunguliwa. Mimi sisemi alipiga kura kwa ubaya. Nasema mtu anayekula kwa kazi fulani hawezi kuweka tumbo lake kando akifika kwa karatasi ya kura.

Halafu kuna sharti la viti. Ukumbi ukiwa chini ya viti 500, mchezo wako hauhesabiki kua wa Broadway, Tony hupati, hata ungekua mzuri vipi. Hii ilinishika kwa sababu ya kitu ambacho wengi hawajui: Sarafina! baada ya kuanza Market Theatre Johannesburg katikati ya 1987, ilipofika New York Oktoba mwaka huo iliwekwa ukumbi wa Mitzi Newhouse pale Lincoln Center, kaukumbi ka viti karibu 300. Na juu yake, jengo lile lile, ukumbi mkubwa wa Vivian Beaumont, msimu huo huo, kulikua na Anything Goes, nyota wake Patti LuPone. Jumba moja, mwenyeji mmoja, ghorofa ya juu inahesabiwa, ya chini haihesabiwi. Sarafina! ilihamia Cort Januari 28, 1988, siku mbili tu baada ya Phantom kufungua Majestic, na ni huko kuhama ndo kulifanya iweze kuteuliwa. Kumbukeni hiyo habari ya ghorofa mbili, tutairudia kwa dansi.

Basi wiki ya pili mabishano yakagawanyika makundi. Kuna dada wetu wa soprano, huyo Phantom ni damu yake, ana nyimbo zote kichwani, na hoja yake ilikua nyepesi na ngumu kupinga: mchezo ulifungwa Aprili 16, 2023 baada ya maonyesho 13,981, miaka thelathini na tano, hakuna kingine kilichowahi kufika hapo Broadway, kwa hivyo wapiga kura walikua sahihi na historia imewapa haki. Nikamwambia dada, hapo unawapa watu wa 1988 kitu ambacho hawakua nacho. Juni 1988 Phantom ilikua na umri usiofika miezi mitano hapo mjini. Ukitumia umri kupima ubora, basi kibanda cha chipsi kilichodumu miaka thelathini kinashinda hoteli yoyote mpya. Akacheka lakini hakukubali, na mpaka leo hajakubali.

Kuna kijana mwingine, mwimbaji wa sauti ya tenor, mpole, haongei sana, huyo alikua upande wa Into the Woods na alileta laptopu tuangalie ile rekodi ya jukwaani yenye waigizaji wa kwanza, iliyoonyeshwa kwa televisheni ya Amerika 1991. Tukakaa kwa viti vya plastiki tukaangalia yote. Nusu ya kwanza ni hadithi za watoto zimechanganywa, mwokaji na mke wake wanatafuta vitu vinne ili wavunje laana wapate mtoto, watu wanacheka. Nusu ya pili watu wanaanza kufa. Jitu la kike linarudi kulipiza kisasi kwa sababu mumewe aliuawa, na wale mashujaa wote wanaanza kulaumiana nani alileta hii shida, na mnyororo wa lawama unazunguka mpaka unarudi kwa kila mtu. Ilipoisha Mwalimu ndo alivunja kimya, akasema huyu mtu ameandika habari ya mazishi na kamati za mazishi, anatujua. Sijawahi kusikia Into the Woods ikielezwa vizuri kuliko hivyo.

Hapo ndo niligundua shida yetu kubwa, kwamba kati yetu wote hakuna aliyekua New York 1988, na kila mtu anahukumu kwa kitu tofauti. Into the Woods tunayo yenyewe, na waigizaji wale wale. Phantom ile ya Michael Crawford, mwigizaji wake wa kwanza, hatuna, tunayo iliyorekodiwa Albert Hall, London, 2011 na ile filamu ya 2004. Na Sarafina!, ambayo Nairobi nzima inadhani inaijua, tunayo filamu ya 1992 ya Whoopi Goldberg, kanda zilizozunguka mitaani mpaka zikakwaruza, na filamu si mchezo. Jukwaani mwalimu wa hao watoto anaitwa Mistress It's-a-Pity, bendi iko jukwaani na waigizaji, hakuna kamera ya kukuambia uangalie wapi. Kuna filamu ya ukweli ya 1988 iliyofuata kundi lenyewe, Voices of Sarafina!, na humo unaona vipande vya jukwaa halisi. Tukaiangalia hiyo pia. Mara tatu. Na sura ya mwalimu wetu wa dansi ilibadilika kabisa akiiangalia, alikua amesimama karibu na skrini kama mtu anayesoma tangazo la kazi.

Lakini kabla ya dansi, tulihitaji kipimo, kwa sababu tulikua tunapigana bila mizani. Na kipimo kilitoka kwa yule dada wa soprano, siku moja tukingoja matatu stegi, alikua amekasirika akasema, nyinyi mnabishana kizuri ni gani, si muulize tu ukikiondoa nini kinaanguka? Nikashika hilo neno. Ukiondoa kitu, nini kinaanguka. Nikalibeba mpaka nyumbani, na Jumamosi tukaanza kuzipima tuzo zote za ule usiku moja moja.

Jukwaa na mavazi, alishinda Maria Björnson wa Phantom, zote mbili. Ondoa ile taa kubwa ya dari inayoanguka, ziwa la mishumaa, ngazi ya dansi ya barakoa, na nusu ya Phantom imeenda. Alistahili, hata Mwalimu hakupinga. Muziki, alishinda Sondheim. Ondoa muziki wa Into the Woods na huna kitu, kwa sababu mawazo yote ya mchezo yako ndani ya nyimbo, hayako kando. Masekela nampenda na trumpeti yake naijua, lakini hapo sikuweza kusema aliporwa, na nilimwambia Mwalimu hivyo hivyo. Uongozaji, Harold Prince wa Phantom, sawa, mimi ningempa James Lapine wa Into the Woods lakini sitakosa usingizi.

Sasa mchezo bora. Nilikaa na hii usiku mwingi. Kura yangu naipa Into the Woods. Sarafina! inanitoa machozi kuliko hiyo mingine miwili, na sitaki mtu adhani siipendi, lakini hadithi yake ni nyepesi, ni shule inayojiandaa kwa konsati, na katikati kuna sehemu ambapo wimbo unafuata wimbo kwa sababu tu ni mzuri. Nguvu yake haiko kwa hadithi. Kwa hivyo kwa tuzo kubwa neno kuporwa halina mahali, na kama kuna aliyeporwa hapo basi ni mwokaji na mke wake. Mwalimu aliposikia hivyo alivua miwani, akaifuta kwa shati, akanyamaza.

Nikamwambia, lakini Mwalimu, sijamaliza.

Leleti Khumalo alikua na miaka 18. Ndiye Sarafina. Jina la mchezo ni lake, ndiye anatuambia hadithi, ndiye anakamatwa, ndiye mwishoni anavaa kama Mandela na kuhutubia taifa kama mtu aliyeachiliwa, miaka karibu miwili kabla Mandela mwenyewe kuachiliwa Februari 11, 1990. Na aliteuliwa kwa nafasi ya pili! Hii inatokana na kanuni ya mabango: mwigizaji ambaye jina lake limeandikwa juu ya jina la mchezo ndo anahesabiwa kinara, aliye chini anahesabiwa msaidizi, isipokua kamati iamue vingine. Sasa kundi la vijana wasiojulikana, nani atawaandika juu ya bango? Kwa hivyo Sarafina akawa msaidizi ndani ya Sarafina!.

Na hata huko kwa wasaidizi hakushinda. Alishinda Judy Kaye kama Carlotta wa Phantom, yule mwimbaji wa opera mwenye maringo. Judy Kaye ni fundi, sitamvunjia heshima, huyu ndiye aliyeingia pale Madeline Kahn alipoacha On the Twentieth Century mwaka 1978, mchezo wa Harold Prince pia, akaokoa jahazi, na watu wa Broadway hawakusahau. Zile sauti za juu za Carlotta ukizijaribu bafuni utajua. Lakini tumia kipimo. Mwondoe Carlotta, umepoteza vichekesho na ugomvi wa nani ataimba leo. Mwondoe Leleti, hakuna mchezo. Dada yetu wa Phantom alikaa kimya hapo muda mrefu, mwisho akasema, hiyo nawapa.

Halafu dansi, na hapa ndo sitaki kupita haraka.

Tuzo ya dansi ilienda kwa Michael Smuin wa Anything Goes, wale wa ghorofa ya juu. Walioshindwa ni Lar Lubovitch wa Into the Woods, Gillian Lynne wa Phantom, na Mhlongo na Ngema. Mwalimu wetu wa dansi, ambaye kwa wiki mbili zote alikua hajasema sana, akasema hii hatuwezi kuamua kwa mdomo, simameni. Tulikua kumi na wanne. Akatupanga mistari miwili, akatupa hatua za tapu, ile dansi ya kugonga viatu chini, rahisi kabisa, baa nane, tucheze kwanza halafu tusimame tuimbe. Tulifanya vibaya. Tapu ni kazi ya usahihi, viatu ndo ngoma yenyewe, mmoja akichelewa hata nukta moja kila mtu anasikia, na alituambia tuheshimu hiyo kwa sababu wale wa Anything Goes walikua kundi zima juu ya sitaha ya meli, miguu yote ikilia kama moja, mwisho wa nusu ya kwanza, na hakuna aliyekosea. Yeye mwenyewe amejifunza tapu kwa video miaka na bado hawezi. Kwa hivyo Smuin hakuokota tuzo barabarani.

Halafu akasema sasa ya pili. Toyitoyi, ile dansi ya maandamano ya Afrika Kusini, magoti juu, miguu ikipiga chini kwa nguvu, na Freedom Is Coming Tomorrow kwa sauti nne, na sauti isishuke wala isitikisike. Bila maikrofoni. Tukaanza vizuri, beti ya kwanza holi ilitetemeka, majirani walikuja mlangoni. Beti ya pili besi ikapotea. Si kidogo, ikapotea kabisa, yule kaka wetu mnene wa besi alikua anafungua mdomo na hakuna kitu kinatoka. Alto zikafuata. Tulipofika mwisho ni soprano wawili tu walikua wanaimba na wengine tumeshika magoti. Mwalimu wa dansi akasema, wale walifanya hivi onyesho zima, wakiwa watoto, mara 597.

Na si kuchoka tu. Alituonyesha kwa ile filamu ya 1988 vile mwili na sauti vimeshonwa pamoja: mguu ukitua ndo pumzi inatoka, na pumzi ikitoka ndo neno linaanza, kwa hivyo ukiondoa mguu hata neno halikai sawa. Ni kitu cha isicathamiya na mbaqanga, mitindo ya muziki ya Afrika Kusini, cha wafanyakazi wa mabweni na sherehe za mitaani, halafu juu yake kuna toyitoyi ya maandamano ambayo mwaka ule ule watu walikua wanaicheza barabarani mbele ya polisi wenye bunduki za kweli. Mhlongo na Ngema walichukua hiyo wakaifanya iwe ndo lugha ya mchezo. Mazishi ni dansi. Darasa ni dansi. Hofu ni dansi. Nilisema hadithi ya Sarafina! ni nyepesi, na ni kweli, lakini ni kwa sababu hadithi halisi imebebwa na miguu. Ondoa dansi kwa Anything Goes, unabaki na nyimbo za Cole Porter na Patti LuPone, na bado ningelipa kiingilio. Ondoa dansi kwa Sarafina! huna Sarafina!, una kwaya imesimama.

Najua jicho langu limefunzwa na drama za shule zetu, ambapo dansi ya kubuni huwezi kuipeleka mashindanoni bila wachezaji kuimba wenyewe na kusimulia kisa, na jaji anasimama mbele ya ukumbi mzima kueleza kwanini amekupa alama hizo. Nikiwa kidato cha tatu tulishindwa ngazi ya mkoa na jaji akatuambia, nyimbo yenu na miguu yenu ni watu wawili waliokutana barabarani. Niliumia lakini nilijua. Wale watoto wa Sarafina! hakuna aliyewaambia kitu, kwa Tony bahasha inafunguliwa, jina linasomwa, muziki unapigwa, kwisha. Labda mtu wa New York ambaye amekulia kwa tapu aliona ile dansi ya Soweto kama furaha ya asili tu, kitu watoto wa Kiafrika wanazaliwa nacho, hakuiona kama kazi iliyopangwa na watu wawili wenye majina. Hapo ndo Mwalimu alikua na haki tangu mwanzo, na nilimwambia hivyo mbele ya wote. Mwaka 2010, miaka 22 baadaye, Fela!, mchezo wa habari za mwanamuziki Fela Kuti wa Nigeria, uliteuliwa mara 11, tuzo kubwa ikaenda kwa Memphis, lakini ya dansi ilienda kwa Bill T. Jones wa Fela!. Kwa hivyo waliweza kuiona. Iliwachukua muda.

Jumamosi ya mwisho kabla ya kuchapisha nikampelekea Mwalimu sentensi mpya. "Sarafina! iliteuliwa mara tano kwa tuzo za Tony za 1988 na haikupata hata moja. Kwa maoni ya kikundi hiki, tuzo ya dansi ilikua ya Ndaba Mhlongo na Mbongeni Ngema, na ya uigizaji ilikua ya Leleti Khumalo."

Akaisoma polepole. Akaomba kalamu. Akakata "maoni" akaandika juu yake "pumzi na miguu", akanirudishia, akasema sasa peleka. Nikapeleka kuchapishwa River Road jioni hiyo hiyo, nakala 150.

Usiku wa onyesho beti ya pili besi haikupotea. Mwalimu wa dansi alikua amewafundisha wiki nzima kuvuta pumzi mguu wa kushoto ukiwa hewani, na nilikua nimesimama karibu na yule kaka, nilimsikia mpaka mwisho.